Kamba ya Alhamisi

Kazi yangu pale klabuni ilikuwa kufua. Jezi, bukta, soksi, vizibao vya mazoezi, taulo, na kamba moja. Niliifanya kwa miaka ishirini na miwili, na kwa ishirini kati ya hiyo Kocha alikuwa yuleyule, mtu mrefu mwembamba, filimbi shingoni, mikono nyuma, aliyekuja kwetu tukiwa daraja la pili na hatuna hata geti linalofungika. Wachezaji waliniita Mama Jezi. Yeye aliniita dada tangu siku ya kwanza, na mimi nikawa namwita Kocha mbele za watu na kaka tukiwa wawili.

Kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia nguo. Alikuja kuniomba wiki yake ya kwanza, nikamkatia kipande kirefu nikidhani anataka kuanika soksi zake. Kesho yake nikamwona uwanjani amewafunga mabeki wanne viunoni, mmoja kwa mwenzake, hatua nane katikati yao, na yeye mwenyewe anakimbia na mpira mbele yao huku na huku. Mpira ukienda kulia, wote wanne kulia. Ukirudi kushoto, wote kushoto. Anayezubaa anavutwa mpaka anakula nyasi. Wiki mbili nzima hakuna beki aliyeruhusiwa kuupiga mpira.

"Nataka mtu mmoja mwenye miguu minane," alikuwa akisema. "Nikiona watu wanne, tunarudi mwanzo."

Ukiitazama kwa mbali, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Nyuma watu wanne wanaotembea kama wamefungwa, hata siku ya mechi ambapo kamba haipo. Mbele yao kiungo mkabaji asiyevuka mstari wa kati hata akiitwa na mama yake mzazi. Mbele kabisa mtu mmoja mwenye mbio. Tukipata bao, tunafunga duka. Timu nyingine zilitucheka, mashabiki wao wakawa wanalia "Meee!" kila mabeki wetu wakisogea, kwa maana sisi ni mbuzi wa kamba. Wa kwetu wenyewe walinung'unika kwamba mpira wetu unaleta usingizi. Lakini mwaka wa tatu tukapanda daraja. Mwaka wa sita tukachukua ubingwa, na msimu mzima nyavu zetu zilitikiswa mara kumi na moja tu. Tangu hapo watu wakaanza kuja uwanjani wamejifunga kamba viunoni, wakubwa kwa wadogo, na ubingwa ukarudi mara mbili tena. Wakamwita Mzee Kamba. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini mkewe aliniambia anatabasamu nalo akinyoa ndevu.

Msaidizi wake alikuwa Nahodha, jina lililombakia tangu alipoongoza timu uwanjani. Huyu alifika klabuni ana miaka kumi na tisa, beki wa kati, hana baba, hana maneno mengi. Kocha alimfunga kamba akamfungua baada ya miaka kumi na mitatu, na siku alipostaafu kucheza akamweka benchi la ufundi pembeni yake. Kila mtu alijua kwamba yule hakuwa mfanyakazi tu kwa Kocha. Nguo za harusi ya Nahodha nilizipiga pasi mimi, na aliyesimama upande wa baba wa bwana harusi alikuwa Kocha.

Basi msimu wa ishirini ulipoanza, Kocha akatangaza kwamba huo ndio wa mwisho. Nyonga yake ilikuwa imefanyiwa upasuaji, akawa anatembea na mkongojo, na kila Alhamisi mkewe alimpeleka hospitali kufanya mazoezi ya viungo. Siku hiyo timu ilikuwa chini ya Nahodha.

Na huo msimu wa mwisho, jamani, ulikwenda kombo.

Hata mimi nisiyejua mpira nilielewa shida, maana nilikaa mwisho wa benchi kila mechi na begi langu la jezi za akiba. Wapinzani walikuwa wametusoma. Walimweka winga mmoja amekanyaga chaki ya mstari wa pembeni kulia, mwingine chaki ya kushoto, kisha wanacheza upande mmoja taratibu mpaka mabeki wetu wote wanne wasogee, na ghafla mpira mrefu unavuka uwanja mzima kwenda upande wa pili. Kule winga wao yuko peke yake, anaweza hata kufunga kamba za viatu kwanza. Tulifungwa hivyo mara tatu katika mechi mbili. Halafu tena. Kufikia katikati ya msimu tulikuwa wa tatu kutoka mkiani, na timu mbili hushuka daraja.

Kocha alikuwa na jibu moja. Kamba. Wafungwe asubuhi, wafungwe jioni, wasogee haraka zaidi.

Sasa kamba ile niliifua mimi, kila siku, pamoja na vizibao. Jumatatu ilinijia imejaa matope, nzito kama nyoka aliyeshiba. Jumanne na Jumatano hivyohivyo. Alhamisi moja ikaja kavu. Nikadhani mvua haikunyesha, lakini vizibao vilikuwa vimelowa chepechepe. Alhamisi iliyofuata, kavu tena. Nikaanza kuangalia. Vizibao vya kijani, ambavyo siku zote walivaa mabeki wanne, siku za Alhamisi vilichafuka vitano.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilipanda ngazi ya stoo, ambako kuna kidirisha kinachotazama uwanja, nikachungulia. Nahodha alikuwa amewapanga watu watano nyuma. Kiungo mkabaji anarudi katikati ya mabeki, na wale wa pembeni wanatanuka mpaka kwenye chaki. Mpira mrefu ukivuka, unamkuta mtu wetu amesimama anausubiri.

Nilishuka ngazi. Miaka kumi na moja nyuma kulikuwa na msaidizi mwingine, mtu mzuri tu, aliyembadilisha mchezaji mmoja wakati Kocha akibishana na mwamuzi. Mchezaji mmoja! Kesho yake asubuhi begi la yule bwana lilikuwa nje ya geti na Kocha hakulitaja jina lake tena. Huyu wa sasa alikuwa anajenga timu nyingine kabisa nyuma ya mgongo wa mzee wake.

Nikakaa kimya. Nilijiambia mimi ni mfuaji, sitaki kuitwa mmbea, na mambo ya wanaume na mpira wao yananihusu nini. Miezi mitatu nikajikaza kisabuni hivyo. Kilichonitesa ni kwamba Kocha alikuwa na desturi ya kuja chumba changu cha kufulia kila Jumatatu kunywa chai. Alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, mashine zikizunguka, akanieleza habari za nyonga na za wajukuu. Nami kila Jumatatu nilikunja taulo kwa bidii sana ili nisimtazame usoni.

Siku za mechi Nahodha alicheza alivyoamriwa, wanne nyuma, hakuthubutu kubadili hata hatua moja. Nilimwona anavyouma meno. Tukaendelea kufungwa mabao yaleyale, tukibahatisha sare hapa na ushindi pale, mpaka ikabaki mechi moja. Timu ya mwisho ilikuwa imeshashuka. Timu tuliyogombea nayo nafasi ya kubaki ilikuwa imeshamaliza mechi zake; tulilingana kwa pointi, ila ilituzidi kwa mabao. Mechi yetu ya kufungia msimu ilikuwa nyumbani, na mgeni alikuwa timu iliyoshika nafasi ya pili, yenye winga wawili kama umeme. Tukipata sare tunabaki. Tukifungwa, miaka ishirini ya Kocha inaishia pale alipotukuta.

Ligi ilisimama wiki moja kabla ya mechi hiyo, kwa hiyo tulikuwa na siku kumi na mbili. Jumatatu ya kwanza Kocha akaja, akapindua ndoo yake, lakini chai hakuigusa.

"Dada, kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Mabeki wangu hawasogei. Nahodha ananiambia Alhamisi wanaifanya kamba vizuri sana. Mbona Jumamosi siioni?"

Nikachukua taulo jingine.

"Wewe ndiye unayefua," akasema. "Niambie wewe. Alhamisi wanaifanya kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu huyu alikuwa ameniuliza wazi, kama kaka anavyomuuliza dada yake, na nilijua nikimdanganya hapo sitaweza tena kukaa naye chumba kimoja.

"Kamba ya Alhamisi inarudi kavu, kaka."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka ikanyamaza.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Labda minne."

"Na wanafanya nini?"

"Mimi sijui mpira," nikasema. "Lakini vizibao vya mabeki vinachafuka vitano."

Alikaa pale akiutazama mkongojo wake kama ameukuta njiani. Kisha akainuka, akaniambia asante kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji dukani, akatoka. Chai yake ilipoa juu ya meza ya kupigia pasi. Nilikaa kwenye ndoo yake nikalia, nikajifuta kwa jezi ya kipa.

Jumanne akasimamia mazoezi kama kawaida. Jumatano vilevile. Alipiga filimbi, akafunga kamba, hakumwangalia Nahodha. Jumatano mchana simu yangu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Wifi," akasema, "umemwambia nini mume wangu? Hajala tangu juzi. Anazunguka mezani anapanga vifuniko vya soda."

"Nimemwambia ukweli, wifi. Nisamehe."

Akashusha pumzi ndefu. "Haya. Kama ni ukweli atautafuna tu. Lakini kesho hataki kwenda hospitali."

Nikajua mambo yameiva. Nilitaka kumkimbilia Nahodha nimwonye, nikafika mpaka kwenye mlango wa ofisi yake, mkono nimeuinua kubisha. Nikaushusha. Nilikwisha kusema kwa mmoja. Kama ningesema na kwa wa pili, hapo sasa ndipo ningekuwa mmbea.

Alhamisi nilipanda kwenye kidirisha changu mapema. Wachezaji wakatoka, Nahodha akaweka koni zake, kamba ikabaki kwenye kikapu. Watu watano nyuma. Walikuwa wameanza tu kupasha moto nilipomwona Kocha. Alikuwa jukwaani, nyuma ya nguzo, amekaa peke yake na kofia kichwani. Sijui alifika saa ngapi. Alitazama kama nusu saa bila kujitikisa. Kisha akainuka, akaanza kushuka ngazi moja moja, ko-ko-ko ya mkongojo ikasikika uwanja mzima, na wachezaji wakasimama mmoja baada ya mwingine kama saa zilizoishiwa betri.

Nilishuka mbio. Sikumbuki nilichokuwa nataka kufanya. Nilifika pembeni ya uwanja Nahodha akiwa tayari ameshatoka mbele kumpokea.

"Baba," akasema, "kosa ni langu peke yangu. Wachezaji wasiguswe. Mimi nitafunga virago leo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Mara mbili. Mara ya kwanza uliniambia nikanywe maji, jua limenipiga. Mara ya pili ukaniambia nikafunge kamba."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuzuia kicheko. Kocha hakugeuka.

"Na Jumamosi zote hizo tulizofungwa," akasema, "ulikuwa na dawa mfukoni ukanyamaza."

"Timu ni yako. Nisingeweza kukugeuka mbele ya watu." Akazitazama koni zake. "Nilitaka wawe tayari tu. Ukiondoka. Au ukiniuliza."

Kocha akawatazama wale watano nyuma, kisha wengine, kisha akamtazama tena mwanawe, maana ndivyo alivyokuwa, na akanyoosha mkongojo kuelekea katikati ya uwanja.

"Mkabaji akirudi nyuma," akasema, "nani anakaa pale alipotoka?"

Nahodha akafumba na kufumbua macho. "Nani..."

"Nakuuliza. Nani? Nimekaa pale juu nusu saa natazama. Mbele ya mabeki wako watano pana nafasi ya kuanika shuka za hospitali nzima. Muulize Mama Jezi. Mtu akisimama pale na mpira, atapiga anavyotaka."

"Hapo ndipo tunaposhindwa," Nahodha akasema polepole. "Tumejaribu kumrudisha mshambuliaji, anachoka."

"Kwa sababu unatuma mtu mmoja kuziba nafasi ya watu wanne. Leteni kamba."

Wachezaji wakatazamana. Kitasa, beki wetu wa kushoto, aliyekaa klabuni miaka tisa na kupewa jina hilo kwa sababu hapitiki, akaanza kusogea kujifunga kiunoni kwa mazoea.

"Si wewe," Kocha akasema. "Ninyi kaeni hivyohivyo alivyowapanga mwenzenu. Watu wanne wa katikati, njooni hapa."

Akawafunga viungo. Hatua nane. Akawashusha hatua kumi nyuma ya pale walipozoea, akamwambia Nahodha awapigie mpira kulia na kushoto, na ile nafasi ya kuanika shuka ikawa inajifunga kila mpira unapokwenda. Mara ya kwanza winga mmoja alianguka kifudifudi, wakacheka wote, na nikamsikia Kocha naye anacheka, kicheko kifupi kama chafya. Kisha wakaanza kubishana, yeye na Nahodha, hatua nane au sita, mkabaji arudi lini, nani apige kelele. Walibishana mpaka jua likashuka nyuma ya jukwaa, mmoja anachora ardhini kwa mkongojo, mwingine anafuta kwa kiatu na kuchora upya. Nikarudi kwenye mashine zangu. Mzigo niliokuwa nimeubeba miezi mitatu ulinitua pale, nikahisi mabega yamekuwa mepesi hadi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jioni ile Nahodha akaleta kikapu mwenyewe. Akakiweka chini, akasimama mlangoni.

"Mama, ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi, mwanangu."

Akaegemea mlango. "Afadhali. Kila Alhamisi nilikuwa naumwa tumbo. Mke wangu alitaka nikapimwe vidonda."

Siku zilizobaki kamba ilirudi na matope kila siku, hata Alhamisi, mpaka Ijumaa ya kuamkia mechi.

Sasa mechi. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Kocha alivaa koti lake la siku zote, mkewe akabaki jukwaani amefunika uso kwa kitambaa kabla hata mpira haujaanza. Dakika ya ishirini tukafungwa, tena kwa kona tu, kichwa kimoja kizuri kisicho na lawama kwa mtu. Nilitazama mwisho wa pili wa benchi. Kocha alikuwa amesimama. Wale mawinga wawili wa kusifiwa walikuwa wamekanyaga chaki zao, mipira mirefu inavuka, na kila ikivuka inamkuta mtu wetu. Lakini bao ni bao, na huku tukifungwa moja tunashuka.

Mapumziko tuliingia chumbani. Nilikuwa nagawa jezi kavu. Wachezaji wakakaa, wakainua macho kwa Kocha kama miaka yote. Yeye akavua filimbi shingoni, akaishika mkononi, akamwambia Nahodha, "Sema wewe. Hii unaijua kuliko mimi. Nikiona pengo nitaongeza."

Nahodha akasimama mbele yao. Akasema machache. Kwamba nyuma tuko salama. Kwamba tukiwa watano, beki wa pembeni mmoja yuko huru, na Kitasa ana ruhusa ya kwenda mbele.

"Mpaka wapi?" Kitasa akauliza. Miaka tisa hakuwahi kuvuka mstari wa kati ila wakati wa kubadilisha upande wa goli.

Wote wakamgeukia Kocha.

"Mpaka uchoke," Kocha akasema.

Dakika ya hamsini na tano Kitasa akaenda. Alikimbia kama mtu asiyejua njia, hakuna mpinzani aliyemfuata kwa sababu hakuna aliyeamini, na mpira ulipopigwa kutoka kulia ulimkuta peke yake mbele ya goli. Akaupiga kwa ugoko. Hakukusudia, alikiri baadaye mwenyewe. Ukaingia. Kitasa akasimama hajui la kufanya, hana mtindo wa kushangilia, akainua mikono yote miwili kama anayekamatwa, mpaka wenzake wakamwangukia.

Sasa ni bao moja kwa moja. Na hapo ndipo nilipomwona Kocha anafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alirudi nyuma hatua tatu, akakaa kwenye benchi, akaegemea. Nahodha akabaki amesimama peke yake kwenye mstari, anapunga mikono, anaita, anasogeza watu. Mara moja tu aligeuka nyuma, akaonyesha vidole sita. Kocha akatikisa kichwa akamwonyesha vinane. Nahodha akarudi uwanjani akapaza sauti, "Nane! Nane!" na wale wanne wa katikati wakatanuka.

Mwamuzi akaongeza dakika sita. Mimi niliacha kutazama saa, nikawa nahesabu soksi ndani ya begi. Dakika ya tano ya hizo, kiungo wao akaupokea mpira upande wa kulia, akainua kichwa, na uwanja mzima ukajua kinachokuja kwa sababu ndicho kilichotuua msimu mzima. Mpira ukaondoka, mrefu, juu, unavuka kwenda upande wa pili, na winga wao kule ameshaanza kukimbia. Nikafumba macho. Nikasikia kishindo cha kichwa na mpira. Nilipofumbua, Kitasa alikuwa amekaa chini ameshika paji la uso na mpira ulikuwa jukwaani mikononi mwa mashabiki, ambao walikuwa wameamua kutourudisha.

Filimbi ya mwisho ikalia. Sijawahi kushangilia sare maishani. Siku ile nilimkumbatia daktari wa timu, nikamkumbatia mshika kibendera, na nadhani nilimkumbatia na kocha wa wapinzani. Nahodha alikuwa amepiga magoti kwenye chaki, mabega yanatikisika. Kocha akamfikia taratibu kwa mkongojo wake, akashindwa kuinama kwa ajili ya nyonga, basi akamwekea tu mkono kichwani akaacha hapo.

Chumbani, kelele zilipopungua, mkewe akaingia. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Akamkuta mumewe amekaa kwenye benchi la mbao, anang'ang'ana na kiatu. Akapiga magoti akamvua.

"Umeridhika sasa?" akamuuliza.

"Nilidhani nikitoka itaanguka," Kocha akasema. Alisema kwa mkewe lakini nilikuwa pale nakusanya jezi. "Miaka mingi nilidhani hivyo. Kumbe kijana alikuwa anajenga na mimi nimekaa hospitali nanyooshwa mguu."

"Una hasira naye?"

Akafikiri. "Nilikuwa nayo mpaka Jumatano. Kisha nikaona vifuniko vya soda vinampa yeye haki." Akanigeukia. "Dada, nina kiu. Ile chai ya Jumatatu ile, bado ipo?"

Nikacheka mpaka machozi. Nikaenda kumpikia nyingine.

Nahodha akapewa timu wiki iliyofuata, na hakuna aliyebisha. Msimu wake wa kwanza tulimaliza wa tano. Mpira wetu umebadilika, watu wanakwenda mbele, tunafunga mawili, tunafunga matatu, na tunafungwa pia, maana kila kitu kina hasara yake. Vijana wapya wakija hufungwa kamba wiki ya kwanza, safari hii mabeki na viungo pamoja, na Nahodha huwaambia nani aliianza. Mimi nilifua mwaka mmoja zaidi kisha nikamwachia binti wa dada yangu mashine zile.

Kocha alikaa miezi miwili bila kukanyaga uwanjani, kusudi amwache mwenzake apumue. Siku aliyokuja kwa mara ya kwanza kama mtazamaji, alikaa jukwaani safu ya nne na mkewe. Kipindi cha pili, tukiongoza mawili kwa bila, niligeuka kuwatafuta. Wifi aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka ishirini mume wake hakupata usingizi siku ya mechi wala siku iliyotangulia. Sasa alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa mkewe, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani. Wifi akaniona, akaweka kidole mdomoni kunionya nisimwite. Tulipofunga la tatu jukwaa zima likaruka, mbao za viti zikagongana, mtu akamwaga maji.

Kocha akajigeuza kidogo tu, akaendelea kukoroma.